Usaili Pasipo Kiswahili: Namna Mwalimu wa Kiswahili Anavyoajiriwa

Mji wa Othaya umekaa chini ya safu ya milima ya Nyandarua, chai ikiuzunguka kwa upande wa juu na mibuni kwa upande wa chini. Ndiko yaliko makao ya kaunti ndogo ya Nyeri Kusini, na kwa hiyo ndiko wanakofika walimu wasio na ajira kutoka Chinga, Mahiga, Iria-ini na Karima pindi Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) inapotangaza nafasi. Asubuhi ya usaili huwa na baridi, hasa unapoangukia miezi ya Juni na Julai. Vijana hushuka kwenye matatu wamevaa suti na sweta ndani yake, kila mmoja amekumbatia bahasha yake ya kaki kama anayebeba mtoto. Wakiwa nje hujuliana hali kwa Kigikuyu. Jina likiitwa, mwenye jina huingia ndani na kujibu maswali kwa Kiingereza. Akibahatika kupata kazi, atakwenda kufundisha Kiswahili.

Mkururo huo wa lugha tatu katika asubuhi moja ndio shina la makala haya. Makala yananuia kueleza jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoajiriwa katika shule za umma nchini Kenya, mambo ambayo msailiwa hukumbana nayo, na sababu zinazofanya uteuzi wake ukamilike, aghalabu, bila yeyote kumsikia akitamka sentensi moja ya Kiswahili. Suala hili linawagusa wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, maadamu wengi wao wataketi kwenye kiti hichohicho baada ya mahafali, na wachache wataketi upande wa pili wa meza.

Mahojiano au Usaili?

Inafaa kuanzia kwenye neno lenyewe. Nchini Kenya, kitendo cha mwajiri kumwita mwombaji kazi na kumuuliza maswali huitwa 'mahojiano', na ndivyo vitabu vya shule vinavyofunza. Nchini Tanzania neno lililoshika ni 'usaili', kutokana na kitenzi 'saili', chenye asili ya Kiarabu na maana ya kuuliza. Wapo wanaoyachukulia maneno haya kuwa visawe vilivyotenganishwa na mpaka wa nchi tu. Hata hivyo, matumizi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya Tanzania yanadhihirisha tofauti yenye manufaa. Matangazo yake huwaita waombaji kwenye usaili wa mchujo, kisha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na mwisho usaili wa mahojiano. Kwa mujibu wa matumizi hayo, usaili ni mchakato mzima wa kumpima mwombaji. Mahojiano ni sehemu yake moja, ile ya watu kukaa ana kwa ana na kujibizana. Tena 'hoji' lina undugu na 'hoja', na penye hoja hutarajiwa kauli za pande mbili. Tofauti hii itafaa hapa chini, kwani kinachofanyika Othaya, na kwingineko nchini, ni usaili wenye mahojiano machache mno.

Kutoka Barua ya Posta hadi Jopo

Palikuwa na wakati ambapo mwalimu hakusailiwa kamwe. TSC iliundwa mwaka wa 1967, na kwa miongo mitatu hivi aliyehitimu chuo cha ualimu alingoja barua ya kumpangia shule. Utaratibu huo ulikoma mwaka wa 1998 Serikali ilipositisha ajira ya moja kwa moja, ikilia kwamba mishahara imeielemea. Kuanzia mwaka wa 2001 ikaja sera ya kuajiri kulingana na mahitaji: nafasi inatangazwa pale ilipo, walimu wanaomba, jopo linawasaili. Kwa shule za sekondari kazi hiyo ilipewa bodi za magavana, ambazo tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 huitwa Bodi za Usimamizi. Kwa shule za msingi ilikabidhiwa bodi za elimu za wilaya, na baada ya Katiba ya mwaka wa 2010 ikashukia ofisi za kaunti na kaunti ndogo.

Yaliyofuata yanajulikana, ingawa huko Othaya yana ladha yake. Mnamo Januari 2003, Serikali ya Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo tangu mwaka wa 1974, ilifuta karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa yalifurika. Idadi ya walimu walioajiriwa haikupanda kwa kasi hiyo, ilhali vyuo vikuu vilikuwa vikizidi kufungua milango na kutoa wahitimu wa elimu kila mwaka. Hivyo shule zikawa na upungufu wa walimu na vijiji vikawa na walimu wasio na shule. Tume imewahi kukadiria walimu waliosajiliwa wasio na ajira kuwa zaidi ya 300,000.

Serikali imejaribu njia za mkato. Mwaka wa 2010 ilipanga kuajiri walimu wa kandarasi takriban 18,000, na ni mgomo wa Septemba 2011 uliosababisha wapewe ajira ya kudumu. Baadaye ukaja mpango wa wanagenzi, ambao ulipanuka shule za sekondari msingi zilipoanza Januari 2023. Mwanagenzi huko alilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa kazi ileile ya mwalimu kamili. Mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kuwa kuwaajiri walimu waliosajiliwa kwa masharti ya wanagenzi ni kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata walimu hao wakawa barabarani wakiandamana, na Januari 2025 takriban 46,000 kati yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Historia hii inaeleza kwa nini msailiwa wa leo huingia ukumbini akiwa na mashaka: anayoitiwa huenda ni kazi, na huenda ni kivuli cha kazi.

Siku ya Usaili

Na achukuliwe, kwa mfano, mhitimu wa Shahada ya Elimu ambaye masomo yake ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Kwanza sharti awe amesajiliwa na Tume, na ili asajiliwe ni lazima awe alipata wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE na C+ katika kila moja ya masomo hayo mawili. Wapo wanafunzi wanaogundua sharti hili wakiwa mwaka wa tatu chuoni, wakati ambapo kujua hakusaidii tena. Umri wake usizidi miaka 45. Maombi hutumwa kwa mtandao, na asiye na intaneti nyumbani huenda mjini kwenye saiba, akasoma nambari yake ya usajili kwa sauti huku kijana wa saiba akiandika. Zama za kupeleka bahasha kwa mkono zimepita, lakini bahasha haikutoweka. Siku ya usaili lazima vyeti halisi vionekane: cheti cha KCSE, shahada, taarifa ya matokeo ya kila mwaka, cheti cha usajili, kitambulisho, nambari ya ushuru, pamoja na nakala za vyote hivyo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wala si kwa sababu ya kutojua kazi. Jina la ubatizo lililo kwenye cheti cha KCSE huenda halimo kwenye kitambulisho. Jina la ukoo limeandikwa kwa herufi moja zaidi upande mmoja. Mwanamke aliyeolewa amebadilisha jina la mwisho, na vyeti vyake vya zamani havimfahamu. Basi hutafutwa wakili wa kuandika hati ya kiapo kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Msailiwa aliyekesha akirudia nadharia za uhakiki na sifa bainifu za konsonanti hujikuta akihangaika na herufi moja ya jina la babu yake.

Akishapita ukaguzi wa vyeti, hufika mbele ya jopo. Humo hutarajia kuulizwa kuhusu fasihi, kuhusu mbinu za kufunza ushairi, au namna ya kumsaidia mwanafunzi anayechanganya ngeli. Aghalabu huulizwa ajitambulishe, aeleze kwa nini aliingia ualimu, ataje majukumu ya mwalimu au kanuni za Tume, aseme ni michezo ipi anaweza kufunza. Ni dakika chache tu. Watahiniwa wengi hutoka wakiwa na mshangao uleule: waliouliza hawakuuliza.

Sababu iko kwenye karatasi ya alama. Miongozo ya Tume huliongoza jopo kutoa alama kwa vigezo maalumu: kiwango cha elimu na taaluma, muda ambao mtu amekaa tangu ahitimu, uwezo wa kuwasiliana, na vipaji katika shughuli nje ya masomo. Kigezo cha muda wa kungoja ndicho kimekuwa kizito kuliko vyote katika mazoezi mengi ya miaka ya karibuni, nacho huhesabiwa kutoka kwenye cheti kabla mtu hajafungua kinywa. Uwezo wa kuwasiliana hupewa alama chache. Matokeo yake ni kwamba mhitimu wa juzi mwenye daraja la kwanza atapitwa na aliyehitimu miaka kumi kabla yake kwa daraja la chini, na hakuna jibu analoweza kulitoa mbele ya jopo la kuziba pengo hilo.

Je, ni dhuluma? Wengi wa vijana husema ndivyo. Makala haya hayaoni hivyo moja kwa moja. Aliyehitimu zamani amesota kwa miaka, pengine analea watoto, na umri wa miaka 45 unamnyemelea. Zaidi ya hayo, foleni ina fadhila moja ambayo mahojiano marefu hayana: foleni haimjui mjomba wa mtu. Ni rahisi kumwongezea mpwa alama za 'ufasaha'. Si rahisi kumwongezea miaka ya kuhitimu.

Fadhila hiyo si ndogo kwa anayekumbuka riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, aliyoiandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za msalani, ikachapishwa mwaka wa 1980 na kutolewa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani mwaka wa 1982. Humo, msichana anayetafuta kazi ya ukarani jijini Nairobi hupita ofisi baada ya ofisi, na katika kila ofisi bosi humwelekeza kwenye baa na gesti jioni. Sifa zake za upigaji taipu hazina wa kuziuliza. Wahakiki wameisoma sehemu hiyo kama tashtiti ya ubepari, na ni sawa. Lakini yaweza pia kusomwa kama maelezo ya usaili usio na karatasi ya alama. Ikitazamwa kwa jicho hilo, karatasi baridi ya Tume ni hatua mbele, hasa kwa mwanamke. Hii haina maana kwamba ushawishi umekwisha. Matangazo ya Tume huonya kila mara kwamba atakayejitafutia nafasi kwa kupitia wakubwa ataondolewa, na bado mwaka wa 2025 vyombo vya habari vilijaa malalamiko kwamba barua za ajira zilikuwa zikigawiwa na wanasiasa.

Tatizo la foleni liko kwingine. Foleni haimjui mjomba wa mtu, lakini haijui Kiswahili vilevile.

Lugha Isiyosikika

Kiswahili ni somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Kwa hiyo kila shule inahitaji walimu wake, na kwa sababu hiyohiyo vyuo vimewatoa wengi, wakiwa wameambatanisha Kiswahili na Historia, Jiografia au Elimu ya Dini ya Kikristo. Nafasi hutangazwa kwa jozi za masomo, na foleni ya jozi hizi za sanaa huwa ndefu kuliko ile ya Hisabati na Fizikia. Ungetarajia wingi huo umpe mwajiri nafasi ya kuchagua walio bora katika lugha. Karatasi ya alama haina mahali pa kuandika ubora huo. Daraja la shahada huingia, naam. Lakini daraja ni wastani wa kozi zaidi ya arobaini, na haielezi mtu anavyotamka.

Matamshi si jambo la mapambo, hasa katika eneo la Mlima Kenya. Alfabeti ya Kigikuyu haina herufi f, l, p, s, v wala z. Mwanafunzi wa Othaya akianza kujifunza Kiswahili huwa anajifunza fonimu ambazo lugha yake ya kwanza haizitofautishi, na kielelezo chake ni mwalimu. Tofauti ya /l/ na /r/ ndiyo maarufu zaidi. Katika eneo lililotoa rais, si jambo dogo mwalimu kushindwa kutenga 'kula' na 'kura', ingawa wapo watakaosema kuwa katika siasa zetu maneno hayo yana maana moja. Mzaha kando, jopo linalosaili kwa Kiingereza haliwezi kulijua jambo hili. Linaweza kumpa msailiwa alama zote za mawasiliano na kumpeleka darasani akawarithishe wanafunzi 'kurara' na 'kuluka'. Kinyume chake pia hutokea: fasaha wa Kiswahili ambaye Kiingereza chake kinasitasita hupoteza alama zile chache katika lugha ambayo hataifundisha.

Je, ni sheria inayotaka hivyo? La. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, katika sehemu ya 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa misingi kadhaa, nayo lugha ni mmojawapo. Hakuna kinachokataza jopo kumsaili mwalimu wa Kiswahili kwa Kiswahili, na majopo machache hufanya hivyo mjumbe mmoja akiwa ni mwalimu wa somo. Kinachotawala ni mazoea. Fomu ni za Kiingereza, miongozo ni ya Kiingereza, barua ya kuteuliwa ni ya Kiingereza, na mjumbe wa bodi ambaye ni mkulima wa chai, ambaye huenda angeuliza swali zuri kwa Kiswahili, huona aibu na kunyamaza.

Mazoea hayo yana kinaya chake. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, swali la lazima ni la insha ya kiuamilifu, na miongoni mwa tungo zinazofunzwa ni barua ya kuomba kazi, wasifukazi na mahojiano. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimejifunza kuandika kwa ustadi barua ya kuomba kazi ambayo haina ofisi ya kuipokea. Hata mwalimu aliyewafunza hakuandika yake kwa lugha hiyo.

Ipo hata hivyo milango ambako Kiswahili husikika. Shule yenye upungufu huweza kuajiri mwalimu kwa fedha za Bodi ya Usimamizi, nje ya orodha ya Tume. Mkuu wa shule huyo hana haja ya kuhesabu miaka ya kungoja. Ana darasa lisilo na mwalimu tangu muhula uanze. Humwita mwombaji, akamkabidhi kwa mkuu wa idara ya Kiswahili, na mara nyingine mwombaji hupewa chaki na kuambiwa aingie darasani afunze vitenzi visaidizi au sitiari kwa dakika arobaini, walimu wawili wakiwa wameketi nyuma. Huo ndio usaili wa vitendo kwa maana kamili ya istilahi ile ya Tanzania, na baada yake huja mahojiano ya kweli, yenye hoja: kwa nini hukutoa mifano zaidi, ulimwonaje yule mwanafunzi aliyekuwa kimya. Mwombaji hutoka akijua alipokosea. Kisha huambiwa mshahara, ambao mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya ule wa mwalimu wa Tume, na kwamba utategemea wazazi watakavyolipa karo. Ajira inayoupima ustadi wa mwalimu kwa makini zaidi ndiyo inayomlipa kidogo zaidi.

Kusingehitajika sheria mpya kuihamisha chaki ile hadi kwenye usaili wa Tume. Zile alama chache za mawasiliano tayari zipo kwenye karatasi. Kinachotakiwa ni miongozo iseme kwamba kwa mwalimu wa lugha zitatolewa kwa lugha anayoifundisha, mbele ya mjumbe anayeijua. Wingi wa waombaji utatajwa kama kizuizi. Lakini aya moja ya kusomwa kwa sauti na swali moja la kuifafanua haizidi muda unaotumiwa sasa kuuliza majukumu ya mwalimu, ambayo kila mtu ameyakariri kwenye matatu akija.

Orodha ya matokeo hupangwa kwa mfuatano wa alama, na miongozo humruhusu asiyeridhika kuwasilisha malalamiko yake kwa maandishi. Wachache hufanya hivyo. Wengi huhesabu tu miaka iliyobaki kabla ya zamu yao kufika, hukunja vyeti vyao upya, na kupanda matatu ya kurudi Chinga au Mahiga kabla mvua haijaanza. Anayeamua kuandika anaweza kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma haina ruhusa ya kikatiba kuikataa barua hiyo kwa sababu ya lugha yake.